Kutoka kiti cha chelo hadi kijukwaa cha kiongozi wa okestra

Mjomba wangu alipiga chelo ya taarabu Unguja, ile fidla kubwa inayopigwa ukiwa umekaa, kwa zaidi ya miaka 30, na sikupata hata siku moja kumwona akitazama noti za muziki. Alikaa nyuma ya mafidla, jirani na besi kubwa, sikio moja kwa kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa, jengine kwa mwimbaji. Kazi yangu ilikuwa kumbebea chelo kutoka nyumbani hadi klabu, ndani ya mfuko wa turubai alioushona fundi wa matanga. Siku moja, nikiwa na miaka 12, akaniketisha, akaniwekea chelo katikati ya magoti, akanipa upinde. "Usipige," akasema. "Vuta, kama unavyovuta ndoo kisimani hutaki maji yamwagike."

Sasa naishi Ujerumani. Napiga chelo kwa kazi, na kila Jumatano jioni naongoza okestra ya watu wasiolipwa: madaktari, walimu, fundi umeme mmoja, na mama mstaafu wa posta anayepiga obo, chombo cha kupuliza. Vijana wa nyumbani huniandikia wakiuliza nilivyofika huku na wao waanzie wapi. Kwenye simu huwajibu kwa mistari mitatu, kisha nalala na deni moyoni. Hili ndilo jibu lenyewe.

Chelo kwanza, na kwa miaka mingi

Wengi wanaoniuliza wanataka kushika kijiti cha kuongozea mara moja. Nawasimulia habari za Arturo Toscanini, Muitaliano aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa okestra. Alikuwa mpiga chelo wa miaka 19 katika kundi la opera la Kiitaliano lililokuwa ziarani Brazil. Tarehe 30 Juni 1886, mjini Rio de Janeiro, watazamaji walimzomea kiongozi aliyekuwepo, wenzake wakamsukuma kijana huyu akasimame mbele, naye akaiongoza Aida, opera ya Verdi, mwanzo hadi mwisho bila kutazama kitabu cha noti. Kisa hiki hupendwa sana. Mimi napenda zaidi kilichofuata: mwezi Februari 1887 Toscanini alikuwa ameketi tena kwenye kiti cha chelo, katika La Scala, jumba la opera la Milano, usiku Otello ya Verdi ilipopigwa kwa mara ya kwanza. Alikwisha onja kijukwaa, akarudi kitini kwa sababu alitaka kusikia kazi mpya ya Verdi kutokea ndani.

Basi tafuta chelo. Mtoto wa miaka 11 au 12 kwa kawaida huanza na ya robo tatu, mtu mzima na kubwa kamili. Ukiletewa ya mitumba, chungulia kupitia tundu la mbele uhakikishe kile kijiti cha ndani kinachosimama kati ya ubao wa mbele na wa nyuma hakijaanguka, kwa kuwa bila hicho sauti hufa. Tazama daraja limesimama wima. Pitisha kidole pembezoni ujue gundi imeachia wapi. Kwetu pwani masika huvimbisha vigingi hadi vikagoma kuzunguka. Vipake sabuni kavu kidogo. Huku Ulaya baridi huvifanya vilegee na kuteleza. Hapo chaki ndiyo dawa.

Majira yangu ya baridi ya kwanza niliiacha chelo karibu na kipasha joto. Alfajiri nikasikia mlio kama ukuni unaochanika. Ufa ulikuwa na urefu wa kiganja, na fundi alinidai pesa ya miezi miwili ya chakula. Tangu siku hiyo nina kipima unyevu chumbani na najitahidi kisishuke chini ya asilimia 40.

Mazoezi ya kila siku: skeli, yaani kupanda na kushuka ngazi ya sauti, za polepole sana kabla ya kingine chochote. Hapa aliyekulia kwenye taarabu ana mali ambayo huenda hajui kuwa anayo. Anayeijua makamu ya rasti, mmoja wa mipangilio ya sauti ya taarabu, anajua sauti ya tatu inayokaa mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Walimu wangu wa kwanza wa huku waliniambia sikio langu limeharibika. Nilihuzunika mwaka mzima. Kumbe okestra inapopiga Do, Mi na Sol kwa pamoja, Mi inayotulia na kung'aa iko chini kidogo ya Mi ya kinanda, kama asilimia 14 ya nusu-toni, ile hatua kati ya kitufe kimoja cha kinanda na kinachofuata. Wenzangu walijifunza kuishusha kwa taabu; mimi nilikuwa naisikia tangu utotoni. Usikubali mtu akufute sikio lako. Jifunze tu wakati gani utumie Mi ipi.

Kazi za kujifunza zina mpangilio unaojulikana. Anza na Bach, zile suti 6 (mikusanyiko ya vipande) za chelo peke yake, na ya kwanza ni ile ya Sol. Kisha Haydn, konseto (kazi ya mpiga mmoja akisindikizwa na okestra) ya Do na ya Re. Hiyo ya Do ilipotea karibu miaka 200, nakala yake ikaonekana Prague mwaka 1961. Kisha Schumann, Elgar, Dvořák. Pembeni ya hizo weka daftari la vipande vya okestra: sehemu ya pili ya Simfoni ya 5 ya Beethoven, ambapo viola (fidla kubwa kidogo) na chelo huanza na wimbo, na sehemu ya pili ya Simfoni ya 2 ya Brahms. Ukienda kwenye mtihani wa kazi huku, duru ya kwanza karibu kila mara ni Haydn ya Re, mara nyingi nyuma ya pazia wasikuone. Vipande vya okestra huja mwishoni, na hapo ndipo watu wengi huanguka. Mimi nilianguka mara 4. Mara ya tano nikapata nafasi, nikawekwa mwaka wa majaribio, ndipo wenyewe wanaokaa nawe wakapiga kura ubaki au uondoke.

Kiti cha nyuma ndiyo skuli

Nikolaus Harnoncourt, kabla ya kujulikana kama kiongozi, alipiga chelo katika Wiener Symphoniker, okestra ya Vienna, tangu 1952 hadi 1969. Miaka 17 ya kutazama migongo na mikono ya viongozi wa kila namna. John Barbirolli, kiongozi wa Kiingereza, naye alikuwa kijana katika safu ya chelo ya London Symphony Orchestra mwaka 1919, usiku konseto ya Elgar ilipopigwa mara ya kwanza na kuharibika kwa kukosa mazoezi. Mwaka 1965 aliisimamia okestra hiyohiyo, mpiga chelo Jacqueline du Pré mwenye miaka 20 akiirekodi konseto hiyohiyo. Ukisikiliza rekodi ile utasikia okestra inayojua pa kumpisha mpiga chelo. Aliyewaongoza alikuwepo siku ilipokwenda vibaya, akiwa ndani yake.

Kwa hiyo ukikaa kitini usikae bure. Nunua daftari dogo, liweke kwenye kibao cha noti. Kila kiongozi anaposimamisha mazoezi, andika kilichoharibika, maneno aliyosema, na kama yalisaidia. Daftari langu la mwaka wa kwanza lina ukurasa wenye mistari miwili tu. Kiongozi mmoja alieleza dakika sita kuhusu machweo na bahari, tukapiga vilevile. Mwengine wiki iliyofuata, mahali palepale: "Upinde kwenye ncha, nusu ya urefu." Tukabadilika papo hapo.

Jifunze kutoka hapo. Wewe umetoka kwenye nyuzi; unajua kwamba kupiga karibu na mkono kunatoa sauti nzito na kwenye ncha kunatoa nyepesi. Waambie wenye nyuzi mambo ya upinde na wataelewa kabla hujamaliza sentensi. Upungufu wako utakuwa kwa wapulizaji. Mimi nilikwenda kukaa karibu na obo kwa mazoezi kadhaa bila kupiga chochote, nione tu anavuta pumzi wapi. Obo ana shida ambayo hakuna mpiga nyuzi angeifikiria: pumzi humzidi, inambidi aitoe iliyochakaa kabla ya kuvuta mpya. Ukimpa wimbo mrefu na usimwachie pa kufanya hivyo, unamtesa.

Kazi nyingine ya chelo inayokufundisha uongozi bila wewe kujua ni kumfuata mwimbaji katika Bach. Kila msimu wa Pasaka makanisa ya huku hupiga Mateso ya Bach, kazi zinazosimulia kwa kuimba mateso ya Yesu, na hutafuta wapiga chelo. Mimi ni Muislamu, na kazi hizo zililipa kodi ya nyumba yangu miaka mitatu. Kuna sehemu ambapo mwimbaji anasimulia kwa uhuru, na chini yake yuko mpiga kinanda na mpiga chelo peke yao. Anavuta neno, anakimbia, anasita. Wenzangu waliogopa sehemu hizo. Mimi nilimwona mjomba wangu, sikio moja kwa mwimbaji. Ukiweza kumfuata mtu namna hiyo, siku moja utaweza kuifanya okestra nzima imfuate.

Kusoma kitabu cha vyombo vyote

Mpiga chelo huona mstari mmoja. Kiongozi huona mistari 12, 18, wakati mwengine zaidi ya 25, kwenye kile kitabu kinachoitwa skoa. Chelo inakupa mwanzo mzuri kwa sababu tayari unasoma funguo tatu: ufunguo wa Fa, wa Do na wa Sol. Bado ufunguo wa Do wa viola, unaokaa mstari wa kati, na vyombo vinavyoandikwa hivi vikasikika vile. Klarineti ya La ikiona Do inatoa La. Pembe ya Fa ikiona Do inatoa Fa ya chini yake. Kariri kidogo kidogo, chombo kimoja kwa wiki, kwa kuimba. Usiweke rekodi. Rekodi itakupa maoni ya mtu mwengine kabla hujapata yako.

Nieleze ninavyofanya kwa kazi moja. Simfoni ya Schubert ya Si minori ya mwaka 1822, ile yenye sehemu mbili tu zilizokamilika. Siku ya kwanza nahesabu baa (vile vipande vya mapigo vinavyotenganishwa kwa mistari) na kuzigawa: sentensi hii ina baa 8, hii 5, hii 4. Naweka mstari wa penseli mwisho wa kila sentensi. Siku ya pili naimba sauti ya juu kabisa toka mwanzo hadi mwisho, kisha ya chini kabisa. Siku ya tatu na ya nne naimba zile za kati ambazo hakuna anayeziimba bafuni: viola, pembe ya pili, basuni ya pili. Hapo ndipo ninapojua wapi patakuwa na shida. Siku ya tano naweka alama nani anaanza baada ya kunyamaza muda mrefu, maana huyo atanitazama.

Nilijifunza utaratibu huu kwa aibu. Mara ya kwanza kabisa kusimama mbele ya okestra, kiongozi wetu aliugua, wakaniomba mimi wa chelo ya kwanza, yaani mkuu wa safu ya chelo, nishike mazoezi ya jioni moja, na kazi ilikuwa hiyohiyo ya Schubert. Nikafurahi mno. Inaanza na chelo na besi chini kabisa, kwa sauti ndogo kama mtu anayezungumza gizani. Kisha unakuja ule wimbo wa pili wa Sol meja, na wanaouimba ni chelo. Wimbo wangu! Nikawageukia wenzangu wa chelo, nikaufungua mkono wa kushoto, nikauchelewesha kidogo pale juu unapopendeza. Baada ya baa chache kila kitu kikasambaratika. Nikaanza tena, kikasambaratika palepale.

Chini ya wimbo ule klarineti na viola hupiga katikati ya mapigo, kila noti ikiangukia kwenye nafasi. Hawana pa kushika. Nilipochelewesha wimbo niliwaondolea sakafu. Wakati wa mapumziko bibi mmoja wa viola, aliyekuwa amekaa kiti hicho kabla mimi sijazaliwa, akanijia na kikombe cha kahawa mkononi. Akasema taratibu: "Chelo hawakukuhitaji pale. Sisi ndio tuliokuhitaji."

Nimeongoza mamia ya saa tangu jioni ile na sijapata fundisho lililonifaa kuliko hilo. Mwenye wimbo anajua pa kwenda. Mtazame anayebeba. Na mimi nilipaswa kulijua mapema kuliko mtu yeyote mle ukumbini, kwa sababu mjomba alibeba miaka 30 na watazamaji walimtuza mwimbaji.

Mkono na pumzi

Mapigo yenyewe utayajua kwa wiki moja. Matatu: chini, nje kulia, juu. Manne: chini, kushoto, kulia, juu. Yafanye mbele ya kioo, kiwiko kikiwa mbali kidogo na mbavu, mkono wa kushoto ukining'inia bila kazi hadi upate sababu ya kuutumia. Mpiga chelo ana tabia ya kuvuta mkono wa kulia kwa upana kama ameshika upinde, hivyo pigo lako linakuwa zuri kutazama lakini halina ncha. Piga kama unagusa meza kwa kidole.

Kinachochukua miaka ni pigo lile la kabla ya pigo la kwanza. Ndani yake lazima iwemo kasi, sauti ndogo au kubwa, na uzito. Na lazima uvute pumzi kweli, kupitia pua au mdomo, wasikie. Tafuta rafiki mmoja, simameni mkitazamana. Vuta pumzi na ushushe mkono, yeye apige kofi mahali anapodhani ni pigo la kwanza. Usihesabu. Badilisha kasi kila mara. Akikosea mara moja, usimlaumu, badilisha mkono. Mkishaweza, jaribuni mwanzo wa Simfoni ya 5 ya Beethoven. Watu wote wanaujua, na wachache wanafahamu kuwa unaanza na kimya: nusu ya pigo haina noti, kisha nyuzi zote na klarineti zinaingia pamoja. Ukipigapiga mapigo mawili matatu ya ziada ili ujihakikishie, utawachanganya. Pigo moja, pumzi moja.

Kupata watu wa kuwaongoza

Chelo unaweza kufanyia mazoezi chumbani. Okestra haiwezekani, na hilo ndilo gumu kubwa la njia hii. Usisubiri uitwe. Harnoncourt alianzisha kundi lake Concentus Musicus mwaka 1953 pamoja na mkewe Alice, mpiga fidla, wakafanya mazoezi hadi 1957 kabla ya kutoka hadharani, naye akiongoza akiwa amekaa na chelo yake. Armand Diangienda wa Kinshasa alikuwa rubani aliyepoteza kazi. Mwaka 1994 akaanzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste na watu ambao wengi wao hawakuwa na chombo cha kwao, wakipokezana fidla chache zilizokuwepo. Chelo alijifunza mwenyewe, na kuongoza vilevile.

Wewe kusanya watu 8 wenye nyuzi. Wapikie. Chukueni serenadi ya Elgar ya nyuzi, ya mwaka 1892, ina dakika 12 hivi na haimtishi mtu. Andaa mazoezi kwa saa uliyoahidi na uyamalize kwa saa hiyo. Fika mapema, panga viti mwenyewe, salimia kila mtu, na anza na wa meza ya mwisho. Mwanzoni waache wapige kitu kizima bila kukatizwa, mikono ipate moto, marekebisho baadaye. Ukifikia kazi kama ile ya Schubert, yenye tromboni tatu, usiwaweke hao watatu saa nzima wakitazama dari. Waambie waje baada ya mapumziko. Watakupenda kwa hilo tu.

Skuli za uongozi za huku hutaka mambo manne kwenye mtihani: kinanda, sikio, kusoma skoa, na kuongoza. Kinanda ndicho kilichonikwaza. Nilikuwa na miaka 24 na vidole vya mtoto wa darasa la kwanza. Wewe uliye nyumbani na una miaka 14, anza kinanda leo, hata nusu saa kwa siku, hata kwenye kile cha umeme cha jirani. Mimi noti nilizisoma kwa mara ya kwanza pale Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, na kinanda kilikuwepo chumba cha pili. Nilikipita kila siku.

Utahitaji pia video. Kamera isimame nyuma ya wanamuziki ikikutazama usoni, maana wanaochagua hawataki kuona mgongo wako. Jirekodi kila mazoezi hata kama humtumii mtu. Jorma Panula, mwalimu wa uongozi wa Helsinki, alikuwa akiwarekodi wanafunzi wake na kuwaonyesha walichokifanya, na kwake wamepita wapiga chelo wawili unaopaswa kuwatazama: Klaus Mäkelä, aliyezaliwa 1996 na bado hupiga chelo, na Susanna Mälkki. Wasichana, mtazameni sana Mälkki. Alikuwa chelo ya kwanza ya okestra ya Gothenburg tangu 1995 hadi 1998, akaacha kiti kizuri cha mshahara ili aongoze, na mwaka 2011 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza opera La Scala.

Mashindano yapo. Besançon tangu 1951, Malko ya Copenhagen tangu 1965, na lile la Bamberg lenye jina la Mahler ambalo Gustavo Dudamel alishinda 2004. Usiyakimbilie. Nenda ukiwa umesimama mbele ya watu halisi kwa miaka miwili au mitatu, hata wawe wale 8 uliowapikia.

Usiku wa leo fanya hivi. Chukua wimbo wowote wa sauti nne unaoujua, wa kwaya au wa taarabu ulioandikwa. Imba sauti ya kati, ile isiyovutia, mara tatu. Simama mbele ya kioo, vuta pumzi, uongoze huku ukiendelea kuiimba hiyohiyo, na usiifuate sauti ya juu hata ikikuita. Kisha kaa, uipige kwenye chelo kwa upinde mrefu.